Hoteli za Ulaya mnachaguaje? Paris, Amsterdam na Rome, nipo na bi mkubwa

TausiMweupe:
Habarini wakuu. Naombeni mawazo maana wiki ya pili sasa naangalia hoteli mpaka macho yanauma na bado sijachagua hata moja. Mwezi wa nne mwishoni nampeleka mama Ulaya, ahadi ya siku nyingi hii, mpango uko hivi: Paris tarehe 21 mpaka 25, Amsterdam 25 mpaka 28, halafu Rome 28 mpaka tarehe 3 mwezi wa tano, jumla usiku 12. Tiketi za ndege bado sijakata. Viza nataka niombe Ufaransa kwa sababu ndo tunaingilia huko. Bajeti ya kulala ni euro 120 kwa usiku chumba cha watu wawili, nikibanwa sana naweza kufika 140 ila hapo ntakuwa najikaza kisabuni.

Sasa kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema kaa katikati ya mji usihangaike, mwingine anasema kaa pembeni ya stesheni kubwa, mwingine anasema wajanja wote wanalala nje ya mji wanaingia na treni. Nimeiona moja Paris iko karibu na uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, euro 68 tu, nyota tatu, picha zake safi, nikasema mbona hii ndo yenyewe. Mama ana miaka 67, kutembea anatembea vizuri ila magoti hayataki ngazi, akipanda ghorofa mbili lazima akae chini apumzike. Nyota tatu zinatosha au nitafute nne? Na kaeneo kenyewe nakajuaje kama ni kazuri wakati sijawahi kufika?

KibegiKimoja:
Tausi hizo nyota zisikuchanganye. Nyota zinahesabu vitu, chumba kina ukubwa gani, mapokezi yanakaa wazi mpaka saa ngapi, kuna simu, kuna meza, mambo kama hayo. Hazikwambii hoteli iko mtaa gani wala kama chini yake kuna baa inayopiga muziki mpaka alfajiri. Halafu kila nchi na nyota zake, Uholanzi wanatumia orodha moja na Ujerumani na Austria, Ufaransa wana ya kwao na hoteli inatakiwa iombe upya kila baada ya miaka 5, Italia ndo kabisa kila mkoa unajipangia. Kwa hiyo nyota tatu ya Paris na nyota tatu ya Rome ni watoto wa baba tofauti, usizilinganishe.

Mimi ningeanza na magoti ya mama, hapo ndo pa kuchujia. Amsterdam zile nyumba nzuri za pembeni ya mifereji ni za karne ya 17 huko, nyembamba, ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini, na nyingi ni majengo ya kihistoria huwezi kuingia tu ukabomoa ukaweka lifti. Nililala moja pale, jina naliacha, nyota tatu, dirishani unaona mfereji na boti zinapita. Ngazi 41. Nimezihesabu. Begi nililitanguliza kichwani kama mzigo wa kuni na jamaa wa mapokezi ananiangalia anatabasamu tu. Na kosa lilikuwa langu maana kwenye maelezo kule chini kabisa iliandikwa haina lifti, mimi nilikuwa nimeshapenda mfereji.

Kwa hiyo kabla hujalipa popote waandikie imeili fupi uwaulize mambo matatu: lifti inafika mpaka ghorofa la chumba chetu? Kutoka mlango wa barabarani mpaka kwenye lifti kuna ngazi ngapi? Na bafu ni la shawa ya kuingia ukiwa umesimama au ni beseni la kuogea? Hilo la mwisho watu wanalisahau. Mtu wa magoti kuvuka ukingo wa beseni lenye maji ya sabuni ni hatari kuliko hizo ngazi zenyewe.

MamboYaReli:
Hiyo ya euro 68 ya uwanja wa ndege ngoja tupige hesabu. Charles de Gaulle iko kama kilometa 25 toka Paris. Treni ya kuingia mjini ni RER B na tiketi ya uwanja wa ndege ina bei yake peke yake, imeshafika euro 13 na zaidi kwa mtu kwa safari moja. Nyie wawili, kwenda na kurudi, ni 52 kwa siku. 68 jumlisha 52 ni 120, yaani umerudi kwenye bajeti yako ileile, tofauti ni kwamba umelala unasikiliza ndege na mama akichoka saa nane mchana huwezi kumrudisha akajinyooshe kidogo.

MchumiAsafiri:
Mkuu hapo juu hesabu yako ina tundu, kuna kadi ya wiki ya Navigo ambayo inafanya kazi mpaka uwanja wa ndege, ni kama euro 32 kwa mtu, ukiigawanya kwa siku nne gharama ya treni inashuka sana na hoteli ya nje inabaki kuwa rahisi. Ila inaanza Jumatatu inaisha Jumapili, ukifika Ijumaa imekula kwako.

Mimi ni wa nje ya mji siku zote na sijutii. Siri ni kwamba "nje" siyo umbali, nje ni dakika. Amsterdam kuna eneo linaitwa Sloterdijk, ni kituo kimoja tu kutoka Amsterdam Centraal, dakika tano sita, na treni ya uwanja wa ndege wa Schiphol inapita hapohapo. Hoteli za pale ni majengo mapya, lifti kubwa unaingia na mabegi yote, vyumba vimenyooka. Hakuna mfereji wa kupiga picha sawa, lakini wewe mfereji si unaenda kuuangalia mchana? Mama yako Amsterdam ningemlaza Sloterdijk bila kufikiria mara mbili.

Na ingine, La Défense kule Paris, ile ya maghorofa ya vioo. Ni mtaa wa maofisi, wikiendi wafanyakazi hawapo na hoteli zinashusha bei. Katikati ya wiki ndo zinapaa. Brussels mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya ni hivyohivyo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanautafuta mtaa wa starehe wikiendi ambapo kila mtu yuko huko.

MamboYaReli:
Navigo nakubali, nimekosea hapo. Ila bado nasema usiku wa saa nne na mama kwenye RER B siyo starehe, ile laini ikiharibika inaharibika kweli.

Tausi kuhusu Paris ngoja nikwambie kitu ambacho mapicha hayakwambii. Metro ya Paris, treni ya chini ya ardhi, ni ya zamani, imeanza mwaka 1900, na stesheni nyingi hazina lifti, ni ngazi kushuka, korido ndefu, ngazi kupanda, halafu tena ngazi. Mtu anajisifu hoteli yake iko "mita 100 kutoka metro" kumbe hiyo metro bi mkubwa hawezi kuitumia. Laini ambayo ina lifti stesheni zote ni ya 14. Kwa hiyo tafuta hoteli kwenye mstari huo, kwa mfano jirani na stesheni ya Gare de Lyon, au kushuka kule mtaa wa 13 upande wa Bibliothèque na Olympiades. Hizi namba za mitaa ya Paris zinaanza 1 katikati zinazunguka kama konokono mpaka 20, kwa hiyo 12 na 13 siyo katikati ila siyo mbali pia. Na mabasi! Basi za Paris zinashuka usawa wa njia ya waenda kwa miguu, mama anaingia bila kupanda kitu, anaona na mji. Basi linachelewa kwenye foleni ila ni utalii huo pia jamani.

Watu watakwambia kaa Gare du Nord kwa sababu treni ya Amsterdam inatokea pale. Bei ni nafuu kweli. Mimi sipapendi usiku, kelele na vibaka wa mabegi wamejaa, kwa hiyo labda ukiwa peke yako. Kutoka Gare de Lyon mpaka Gare du Nord ni RER D vituo viwili tu, sasa uteseke kulala kule ya nini?

KaratasiZoteZipo:
Nyie mnabishana treni wakati dada ana shimo kubwa zaidi mbele yake. TausiMweupe soma tena mpango wako. Paris usiku 4, Amsterdam 3, Rome 5. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombi nchi unayoingilia, unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kuingilia kunaangaliwa pale tu siku zikilingana. Kwa mpango huu wewe ni wa Italia. Ukipeleka Ufaransa wanaweza kukwambia umekosea mlango.

Na hapa ndo hoteli inapoingia, maana hizo buking ndo ushahidi wako wa mahali pa kulala. Hakikisha usiku wote 12 umefunikwa, usiache hata tarehe moja inaning'inia, na majina yenu wote wawili yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, siyo jina lako halafu "mgeni 1". Chukua zile ambazo unaweza kuzifuta bila kukatwa, bei yake inazidi kidogo lakini viza ikikataliwa hujalia mara mbili. Angalia na mwisho wa kufuta ni lini, saa inayohesabika ni ya kule hoteli iliko. Maombi unaweza kupeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na isipungue siku 15, ada ni euro 90 kila mtu mzima, bima ya safari ya kuanzia euro 30,000. Wale wanaouza makaratasi ya buking za kutengeneza kaa nao mbali kabisa, ubalozi unaweza kupiga simu hotelini na jina lisipokuwepo umejichafulia faili.

TausiMweupe:
Eh! KaratasiZoteZipo Mungu akubariki, nilikuwa nishajaza nusu ya fomu ya Ufaransa. Hakuna mtu aliyeniambia hilo.

Kwa hiyo nabadilisha naomba Italia. Nimeangalia Sloterdijk mchana huu lakini tarehe 25 mpaka 28 naona bei zimesimama kwenye 230, 260 hata huko nje, mbona? Au naangalia vibaya?

MchumiAsafiri:
Ahaa dada umeangukia Sikukuu ya Mfalme, tarehe 27 mwezi wa nne, Waholanzi wote wanavaa rangi ya machungwa wanamiminika Amsterdam, mitaa haipitiki na hoteli zinajiuzia zinavyotaka. Tena ni msimu wa yale maua ya tulipu kule bustani ya Keukenhof, kwa hiyo mwezi wa nne wenyewe uko juu. Hapo hakuna ujanja wa hoteli, badilisha tarehe.

Tiketi si bado hujakata? Geuza. Anza Amsterdam 21 mpaka 24, tulipu mtaziona hivyohivyo, halafu Paris 24 mpaka 28, halafu Rome. Hujapoteza usiku hata mmoja.

MamboYaReli:
Hapo mchumi kaongea. Na tena ukigeuza hivyo inakupendeza zaidi, Amsterdam kwenda Paris treni ni masaa matatu na kitu, inakushusha Gare du Nord. Na siku ya kuondoka Paris ndege za Rome nyingine zinaruka uwanja wa Orly, na ile laini ya 14 tangu mwaka 2024 inafika mpaka Orly moja kwa moja. Yaani unatoka hotelini Gare de Lyon, lifti, treni moja, lifti, uwanja wa ndege. Mama hapandi ngazi hata moja. Raha iliyoje.

BintiWaTermini:
Nimekaa Rome miezi kadhaa kwa masomo acha niseme ya Rome, maana usiku 5 ndo mwingi na hakuna aliyeigusa.

Rome kitu utakachokutana nacho ni "hoteli" ambayo siyo jengo, ni ghorofa moja tu ndani ya jengo la watu. Unafika unaona mlango mkubwa wa mbao, vitufe kumi na tano vya kengele, hoteli yako ni kitufe kimojawapo, iko ghorofa la tatu au la nne. Nyingi ni nzuri tu na wenyewe ni watu wakarimu, ila lifti ni ile ya zamani ya milango ya chuma, watu wawili bila begi, na mapokezi saa mbili usiku mtu ameshaenda kwao. Ukifika usiku wanakudai hela ya kuchelewa. Kwa hiyo soma maelezo vizuri, kama imeandikwa mapokezi masaa 24 ndo unakaa na amani.

Mtaa sasa. Trastevere kila mtu anaupenda na ni mzuri kweli jioni, lakini hauna metro na barabara zake ni vile vijiwe vyeusi, sampietrini, begi la magurudumu linalia ta ta ta ta na mtu wa magoti anachoka hata kama hakuna ngazi. Mimi mama ningempeleka Prati, nyuma ya Vatikani. Mitaa mipana, imenyooka, tambarare, metro A iko pale Ottaviano na Lepanto, kwenda kanisa la San Pietro ni mguu. Bei iko juu kidogo ya Termini, kule stesheni kuu. Kama bajeti inagoma basi Termini, treni ya Leonardo Express inatoka uwanja wa ndege wa Fiumicino bila kusimama dakika 32 kwa euro 14, na metro A na B zinakutana hapo. Ila Termini chagua upande wa Via Marsala kuelekea Castro Pretorio, ule upande wa Via Giolitti usiku mimi nilikuwa nakaza mwendo.

Halafu kodi ya kulala. Hii mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona, unalipa pale pale hotelini na wengine wanataka keshi. Rome nyota tatu ni euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku, nyota nne 7.50. Nyie wawili usiku tano nyota tatu ni euro 60. Sasa ulizie tena kama unataka nne hahaha, hapo ni 75.

MchumiAsafiri:
Na Amsterdam ni mbaya zaidi, wao wanachukua asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Na VAT ya hoteli Uholanzi imepanda kutoka asilimia 9 mpaka 21 mwaka 2026. Ukiona chumba cha 110 usishangilie, bonyeza mpaka ukurasa wa mwisho wa malipo ndo ulinganishe. Mimi siku hizi bei ya mwanzo hata siisomi.

PwaguzI:
Vidogo vidogo kutoka kwa mtu aliyeungua. Ukichagua kitanda cha watu wawili Ulaya unaweza kukuta ni viwili vimesukumwa pamoja, na wewe na mama nadhani mnataka vilivyoachana, andika mapema. Birika la maji ya moto chumbani usilitegemee, Paris na Rome nimekosa mara nyingi, mzee anayekunywa chai usiku atalalamika. Kadi ya benki wanaweza kushika kiasi fulani kama dhamana na kinarudi baada ya siku kadhaa, kwa hiyo usiende na kadi ambayo ina hela ya kula peke yake. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa hela ya kwenu, bonyeza euro, ile nyingine wanakupiga kwenye kubadilisha.

Chai ya asubuhi ya hoteli Paris wanaweza kukuuzia euro 15 kwa mtu, mkate wa kwasanti na kahawa mnaupata kona ya mtaa kwa chini ya nusu.

KibegiKimoja:
Kuhusu kujua kaeneo kazuri. Usisome maoni ya wageni yale ya 10 kwa 10, hayana kitu. Soma ya 6 na 7, hao ndo wanasema ukweli bila hasira. Tafuta neno moja moja, "ngazi", "kelele", "lifti", "kunguni". Malalamiko ya mtu mmoja ni mtu mmoja, yakirudiwa na wanne ni hoteli hiyo. Halafu fungua Google Maps weka picha za mtaa, simama pale mlangoni, geuka kulia geuka kushoto. Utaona kama kuna baa, kama kuna duka la dawa, kama barabara ni mlima. Mimi mlima niliugundua hivyo kule Montmartre, nikafuta siku hiyohiyo.

TausiMweupe:
Wakuu nimerudi na majibu. Tarehe nimegeuza kama mlivyosema, Amsterdam 21 mpaka 24, nimepata Sloterdijk euro 128 na kodi yote ndani, inafutika. Rome nimebanana na Prati nimepata ya 139, nyota tatu, mapokezi masaa 24, hapo ndo nimejikaza. Fomu ya Italia nimeanza upya.

Paris ndo imebaki. Nimeandikia hoteli tatu pale karibu na Gare de Lyon na yale maswali matatu ya KibegiKimoja. Moja haijajibu. Ya pili wamejibu vizuri, lifti ipo, bafu ni shawa, chumba 131. Ya tatu ndo nzuri kuliko zote na ni 112, wamenijibu kwa heshima kabisa, madam lifti tunayo, ni ya kisasa, ila inaanzia ghorofa la kwanza, kufika kwenye lifti kuna ngazi 19.

KibegiKimoja:
Hahahaha sasa hiyo lifti wamemwekea nani? Chukua ya 131.

PwaguzI:
Ngazi 19, na tofauti ya bei ni euro 19, yaani euro moja kwa kila ngazi. Lipa dada. Shikamoo nyingi kwa mama.

TausiMweupe:
Nimelipia ya 131. Anasema marahaba, na anauliza hilo birika kwani haruhusiwi kwenda na lake?